Mjukuu Wangu Alizichukua Radhi Zangu kwa Tamthilia ya Kikorea

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipunguzia nuru ya macho akaniachia ulimi wa kumtaja. Namshukuru kwa alichonipa na kwa alichokitwaa. Baada ya kumshukuru Yeye, ndugu zangu wasomaji, naomba mnisikilize.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na tisa, mjane, naishi Mji Mkongwe hapa Unguja. Asubuhi nasomesha watoto Qur'ani nyumbani kwangu. Haya siyaandiki kwa mkono wangu, maana macho yameingia ukungu. Nasema, na jirani yangu ananiandikia. Akimaliza ananisomea, kisha namwita mtu mwengine anisomee tena. Mtanisamehe. Sikuwa hivi zamani.

Nina mjukuu mmoja, nitamwita Nasra. Mama yake, mwanangu wa pekee, alifariki Nasra akiwa bado ananyonya. Nikamlea mimi. Baba yake, Shaame, alioa tena akahamia Matemwe. Ni mtu mwema na mkwe mwenye adabu. Siku zote akiniambia, "Mama, huyu mtoto ni wako. Ukisharidhia wewe, mie kazi yangu ni kuozesha tu."

Mwaka jana shoga yangu wa tangu utotoni, Bi Zuhura, alileta posa ya mwanawe. Kijana mpole, mswalihina, ana duka la vitambaa Darajani. Nilimwita Nasra nikamuuliza. Aliinamisha kichwa, akanyamaza. Nikamuuliza tena, akanyamaza vilevile.

Nami nilivyofundishwa, mwanamwari akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, basi amekubali. Ni haya inayomfunga mdomo. Nikamjibu Bi Zuhura kuwa posa imepokewa. Shaame nilipanga kumwambia tukishapatana mahari. Tukala halua, tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Ningejuaje kwamba kimya kile kilikuwa na maneno ndani yake?

Sasa nije kwenye hiyo tamthilia. Ilisubiriwa kama mwezi wa Idi. Wasichana wa mtaani, hata akina mama watu wazima, hawakuwa na mazungumzo mengine. Nasra aliipata kwenye flashi kabla haijatafsiriwa kwa Kiswahili, ina maandishi ya Kiingereza tu kwa chini. Akaja kunishika magoti. "Bibi, tutazame sote. Mie nitakusomea."

Mtaniuliza, mwalimu wa chuo cha Qur'ani na mambo ya Kikorea wapi na wapi? Nami nilimuuliza hivyohivyo. Akanambia ni hadithi ya jini mlinzi wa mvua, asiyezeeka, aliyempenda msichana wa kibinadamu, fundi cherehani. Nikasema haya, majini tumewasoma, wamo katika Qur'ani. Nikakubali. Na kwa ukweli, nilichokitaka ni kukaa naye. Alikuwa anakaribia kuolewa... ningebaki na nani?

Basi ikawa kila tukisha kusali Alasiri tunakaa pamoja, miguu yake juu ya mapaja yangu kama alipokuwa mdogo. Mimi naona vivuli na rangi. Yeye anasoma.

Alisoma vizuri, jamani. Alinisomea kwamba yule msichana amelelewa na bibi yake. Kwamba bibi amemuahidi mtu mwengine, na msichana anaona haya kumvunja moyo. Kwamba bila ya radhi za yule bibi, jini atageuka mvua, arudi mbinguni, asionekane tena. Nikamsikia ajuza akifoka kwa Kikorea na msichana akilia. Nasra akasoma, "Bibi, nakupenda kuliko roho yangu, lakini yule siye niliyemchagua." Sauti yake ilitetemeka. Nilidhani ni kwa uhodari wa kusoma.

Nililia. Nikaisemesha ile runinga kama mtu aliyepungukiwa na akili. "Bi mkubwa, mpe mjukuu wako radhi. Kama wewe huwezi, mimi nimempa. Nimempa kwa moyo wangu wote, na Mungu awabariki yeye na mumewe."

Nasra akanyamazisha tivii. "Umetoa kweli, Bibi?"

"Nimetoa kweli."

"Kwa moyo safi?"

"Kwa moyo safi, mtoto we, hebu washa tuendelee."

Akanibusu mkono, akaukamata muda mrefu. Nikaona ni mapenzi tu... na pengine yalikuwa mapenzi. Mpaka leo sijui niyaite nini.

Wiki ile akaniomba ruhusa ya kwenda kumtazama baba yake Matemwe. Nikampa, na biskuti za nazi za wadogo zake.

Alipokuwa huko, Bi Zuhura alikuja na sahani ya visheti. Tukazungumza mahari, tukazungumza maji yaliyokatika, tukafika kwenye tamthilia. Yeye ameiona yote kwa binti yake, imeshatafsiriwa Kiswahili. Nikamwambia, mie shoga pale bibi alipombania mjukuu wake radhi nililia mpaka kanga ikarowa.

Bi Zuhura akacheka. "Bibi gani tena? Yule msichana katoka nyumba ya mayatima. Hana bibi, hana shangazi, hana paka."

"Na yule ajuza anayefoka?"

"Yule? Muuza supu yule! Anamfukuza msichana kwa kuwa jini wake kila akija, mvua inanyeshea sufuria lake. Nani kakuambia ni bibi yake?"

Hapohapo simu ikalia. Kwa macho yangu haya, simu yangu hupokelewa kwa sauti ya nje, Bi Zuhura akasikia yote. Alikuwa Shaame.

"Mama, shikamoo. Hongera, tumeshaozesha, alhamdulillahi. Mtoto kasema safari inakuwia nzito, lakini duazo zimetufikia."

Nikamuuliza amemuozesha nani. Akashangaa. "Si Nasra, Mama. Na yule fundi wa mafriji wa hotelini. Kaniapia Wallahi umeridhia, umesema mwenyewe kwa moyo safi."

Mnaona, wasomaji? Aliapa, na hakuapa uongo. Maneno niliyatoa mimi kwa mdomo wangu. Aliyatega kama mtu anavyotega dema la samaki, nami nikaingia nikifurahi.

Bi Zuhura alisimama, akajifunga buibui lake. Hakupiga kelele. Alisema, "Shoga, mie nshatangaza harusi mpaka kwa jamaa zangu wa Kizimbani. Ungenambia tu humtaki mwanangu." Nikamuapia sikujua lolote. Akasema, "Mjukuu wako, nyumbani mwako, na wewe hujui?" Akatoka. Sahani yake ninayo mpaka leo.

Baada ya hapo mtaa ukapata la kusema. Mwalimu wa chuo anatazama mapenzi ya Kikorea, mjukuu kamponyoka. Baadhi ya wazazi waliwatoa watoto wao kwangu. Nikamuuliza sheikh wetu, akanambia ndoa imesihi, walii wa kumuozesha ni baba na alikuwepo. Basi kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa kitu kimoja tu, radhi. Nikakikamata.

Nasra alikuja baada ya Idi, mumewe kabaki nje barazani. Alipiga magoti. "Bibi, niwie radhi."

Nikamwambia, "Radhi zangu nilimpa yule Mkorea. Nenda kamwombe yeye akugawie."

Akalia. Nikamuacha alie. Kisha nikamtaka anihadithie ile tamthilia upya, kama ilivyo. Akahadithia. Mwisho wake, msichana anaiacha dunia ya watu anamfuata jini wake kwenye mvua.

"Na alimuaga nani?"

"Hakumuaga mtu, Bibi. Hakuwa na wa kumuaga."

"Na wewe?"

Akanyamaza. Lakini kimya chake sikukipokea tena. Nikamwambia, "Sema. Kwa mdomo wako, nikusikie."

"Mie nilikuwa na wewe," akasema. "Na siku ile uliponiuliza nilitaka kusema sitaki, nikaona furaha yako... nikaogopa."

Nilimshika kichwa kwa mikono yangu miwili, nikatamka radhi kwa jina lake na la mama yake, ili zisimpotee njiani. Zile ni zake, halali. Lakini nisiwadanganye. Anaponisomea barua au bei ya dawa, moyo wangu bado unauliza, ndivyo ilivyoandikwa? Hilo nimemuachia Mungu.

Enyi vijana, mzee wako hata akikufokea, mwambie neno lako usoni. Radhi ya kutegewa haina utamu, na anayeibiwa imani harudishiwi yote. Nanyi wazee wenzangu, mtoto akinyamaza msimjibie. Ngojeni. Kaeni naye mpaka aseme ndiyo au aseme hapana.

Na wewe uliyenisoma, au uliyesomewa, Mungu akupe wa kumuaga kila utokapo na wa kukupokea kila urudipo, na akuhifadhie macho yako na nyoyo za wanao. Amin.