Boza la Kumi na Tatu

Mahamed Shuaib alipatikana amekufa Alhamisi asubuhi ndani ya birika la maji nje kidogo ya kijiji cha Sangailu. Birika halikuwa na maji. Nguo zake zilikuwa zimelowa chapachapa.

Marehemu alikuwa karani wa jumuiya ya wafanyabiashara wa Garissa. Alitumwa kuhakiki kama kampuni ya Rage, tajiri wa maboza, yale malori ya kubebea maji, inastahili Tuzo ya Huduma kwa Jamii. Rage alikuwa ameahidi kupeleka Sangailu boza moja la maji ya bure kila wiki katika ukame huu. Wiki kumi na tatu zilikuwa zimepita. Tuzo ilikuwa itolewe Jumamosi.

Inspekta Ugbad wa idara ya upelelezi alishuka birikani. Lilikuwa shimo la saruji, hatua nne kwa tatu, lenye kina cha kumpita mtu mrefu. Chini palikuwa na tope. Hakusema na mtu mpaka alipomaliza kupima na kupiga picha.

Huko juu watu walishaanza kesi bila yeye. Ukoo wa marehemu ulikuja na magari matatu, ukasema damu imemwagika kwenye birika la Sangailu, basi Sangailu italipa dia: ngamia mia, au ng'ombe wa thamani hiyo. Wazee wa kijiji, wakiogopa damu nyingine, walikubali kikao kifanyike jioni ileile. Ugbad alijua kwamba dia ikishapitishwa, hakuna shahidi atakayefungua mdomo tena. Na watu waliobakiwa na ng'ombe wachache wangenyang'anywa hata hao.

"Adeer," alimwambia mzee Keynan, msemaji wa ukoo wa marehemu, kama mtu anavyomwita baba yake mdogo, "nipe mpaka kesho, swala ya Ijumaa."

"Binti wa serikali, tukikungoja wewe, hao ng'ombe watabaki ngozi tupu." Watu walicheka kidogo, bila furaha. "Haya. Mpaka swala. Na maiti yetu irudi tuizike."

Kijijini walikuwa wamebaki watu wachache. Sagal, mama aliyefuga karibu na birika, aliulizwa nani alimwaga maji mle. Alimtazama inspekta kama mtoto aliyeuliza ujinga.

"Nani amwage maji humu? Limepasuka tangu kiangazi kilipoanza. Birika likikaa kavu, saruji inaachana. Mpaka lipigwe plasta upya."

Akaingiza vidole vinne kwenye ufa, vikazama mpaka kiganjani. Ugbad alimimina mtungi mzima hapo. Maji yalimezwa yote, pasibaki hata tone.

"Na boza la Rage?"

"Boza gani?"

Jioni ile maiti ilifanyiwa uchunguzi Garissa. Daktari alisema mapafu hayakuwa na maji, na fuvu lilivunjwa kwa nyuma kwa chuma kizito. Mahamed alikufa kwanza, akaloweshwa baadaye.

Ijumaa alfajiri Ugbad alimwita Rage kituoni. Tajiri alikuja na simu mkononi, akamwonyesha picha za maji aliyopeleka, moja kwa kila wiki. Alikuwa akijivunia kwa dhati.

"Hukuwahi kwenda mwenyewe?"

"Nilikuwa natumiwa picha."

"Haya majani mabichi nyuma ya birika yametoka wapi, Rage? Katika ukame huu?"

Rage alizitazama moja baada ya nyingine. Kisha akaweka simu kifudifudi mezani na hakuigusa tena.

Aliyezituma alikuwa dereva wake, Mustafe. Aliletwa chumba cha mahojiano akiwa ametulia. Alieleza kwamba Jumatano alimpakia karani, wakafika Sangailu, akamwaga maji mbele yake.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi alasiri. Lita elfu ishirini. Yalifika kimo cha mtu."

"Marehemu ulimwacha wapi?"

"Hapo hapo, mzima. Alisema atalala kijijini. Kama aliteleza akazama, ni kadari ya Mungu."

"Ulimwaga kama kila wiki?"

"Kila wiki, afande. Mara kumi na tatu, wallahi."

Ugbad alifunga daftari.

"Mtu wa Sangailu hamwagi hata kikombe kwenye birika lile. Anajua halishiki maji. Aliyemwaga boza zima ili maiti ionekane imezama ni mtu aliyeliona mara ya mwisho likiwa zima. Ungelijaza hata mara mbili tu kiangazi hiki, ungejua. Asubuhi maji yalikuwa yamekwenda ardhini, na mtu wako amelala kwenye tope."

Ugbad alimwekea mezani rekodi za simu: siku zote kumi na mbili za kupeleka maji, simu yake ilikuwa karibu na Ifo, upande mwingine kabisa. Akaweka na spana ya magurudumu iliyopatikana chini ya kiti cha boza, ikiwa na damu na nywele.

"Mara ya kwanza barabara ilikuwa mbaya," Mustafe alisema hatimaye. "Wafyatua matofali wa kule Ifo wakanilipa papo hapo. Nikasema mara moja tu. Tajiri akataka picha, nikampa ya zamani. Akafurahi. Hakuuliza watu, aliuliza picha."

"Na Mahamed?"

"Alichungulia birikani, akatoa kalamu. Nikamsihi. Tajiri aliniahidi kusimamia tawi la Mandera tukishinda tuzo. Akasema, 'Walaal, ndugu yangu, nitaandika nilichokiona.' Akanipa mgongo."

Ugbad alifika kikaoni watu wakitoka kuswali. Alisimama katikati ya wanaume, akasoma maungamo yote. Mzee Keynan alisikiliza mpaka mwisho, akasema dia itadaiwa kwa ukoo wa dereva, na Sangailu haitatoa hata ndama. Hakuna aliyeshangilia.

Tuzo haikutolewa. Maboza kumi na mawili yaliuzwa. La kumi na tatu lilimwagiwa maiti. Katika wiki hizo, familia kumi na tisa zilihama Sangailu. Ng'ombe mia tatu na arobaini walikufa. Sagal alikuwa na ishirini na sita, akabaki na wanne. Watoto wawili wachanga walizikwa njiani wakati familia zao zikifuata maji. Mahamed Shuaib alikuwa na miaka thelathini na moja. Ameacha mke na mabinti watatu.