Pete Kwenye Msumari

Koti jeupe lilikuwa moja, wateja wawili. Mmoja kashika kola, mwingine kashika mkono, na muuza mitumba anapiga kelele, "Jamani, mtalichana!"

"Dada, niachie. Mimi sonara, nashinda na asidi. Mashati yangu yote matundu matupu."

"Na mimi mwalimu wa kemia. Nina asidi hizo hizo, na watoto wa watu juu yake."

Mwanaume akacheka, akaliachia. "Haya, chukua koti, nipe namba."

"Kwani namba yangu nayo ni mtumba?" Lakini akampa.

Basi simu zikawa hazipoi. "Umekula, mwalimu wangu?" "Nimekula, dhahabu." Mambo ya wapendanao hayo, tuwaachie wenyewe. Mwaka haukuisha, sonara akamfulia pete kwa mkono wake, akaipachika jiwe jekundu. Siku ya kuvishwa mwalimu alivaa gauni la kijani, akalia mpaka wanja ukamchuruzika.

Maabara ina sheria zake, na mwalimu hakuwa na mzaha nazo: nywele zifungwe, miwani ivaliwe, pete zivuliwe. Yake aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango kabla ya kila kipindi. Sonara hakuyajua hayo. Siku moja akaja shuleni bila taarifa, kamletea chakula cha mchana, akamkuta mlangoni pa maabara anacheka na mwalimu wa fizikia, kidole kitupu. Akageuza na chakula chake.

Jioni akapiga simu.

"Pete iko wapi?"

"Ninayo, mpenzi. Naivua kazini tu, jiwe linatoboa glavu. Wewe mwenyewe si huvai pete ukishika asidi?"

"Usinilinganishe. Wewe unamvulia yule."

"Yule nani?"

"Usinifanye mtoto! Kama unanipenda, isitoke kidoleni. Kama hunipendi, nirudishie."

Mimi ningemkatia simu pale pale! Lakini ukipenda, chongo huita kengeza. Wivu ule mwalimu akauona mapenzi, akaahidi.

Kesho yake msumari ukabaki mtupu. Wiki haikuisha, mwanafunzi akaangusha chupa ya asidi. Mwalimu akawasogeza watoto, akavuta glavu juu ya pete, akainama kusafisha. Jiwe likatoboa glavu. Asidi ikapenya chini ya dhahabu, ikakaa humo ikimla. Akakimbilia bomba, maji yakatiririka, pete haitoki, kidole kimeshavimba. Hospitalini ikabidi waikate. Binti aliyemsindikiza alikuwa analia.

"Mwalimu, mbona hukuivua? Si wewe ndiye unayetuambia?"

Mwalimu akamfuta machozi kwa mkono usio na bandeji.

Vidonda vilipokauka, sonara alikuja nyumbani kwa mwalimu, shati limenyooshwa, macho mekundu. Akapiga magoti sebuleni, kashika ile pete aliyoichukua hospitalini.

"Nimeiunga tena. Nimeipanua kidogo, isikubane. Nisamehe, mpenzi. Itundike, ifungie kabatini, utakavyo. Sitauliza tena."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Tusidanganyane, mwalimu alikuwa bado anampenda. Mkono wenye kovu ulishaanza kunyooka kumwelekea. Ndipo simu yake ikaita mezani.

"Nani huyo?"

Neno lilishatoka. Sonara mwenyewe alilisikia, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mwalimu akamgeuzia kioo cha simu. Ni mama yake, yuko sokoni, labda anataka kujua kama sabuni imeisha. Hakuipokea.

"Dhahabu," alisema, machozi yanamtoka, "kidole changu kimepona. Wewe bado."

"Nipe muda, nakuomba."

"Ningekupa. Lakini darasa zima liliniona nikivunja sheria yangu kwa ajili yako. Ingekuwa mtoto wa mtu je?"

Akamfumba ngumi juu ya pete, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ndiyo maana nalia. Nenda."

Akaenda. Kutoka dirishani mwalimu alimtazama mpaka kona ya barabara, na kama angegeuka hata mara moja, sijui ingekuwaje. Hakugeuka.

Jumatatu kengele ikalia. "Nywele zifungwe," mwalimu akasema, "miwani ivaliwe, pete zivuliwe." Wanafunzi wakapanga foleni nyuma ya mlango. Naye, kwa mazoea, akashika kidole chake akavuta, na hapakuwa na kitu cha kuvua.