Mshike, Hakuunguzi

Niragira alikimbia vita Burundi na watoto wake wawili, Aron na Clarisse. Walipata hifadhi Ngara, Tanzania, na watoto wakaanza shule Murukulazo. Huko masomo yalikuwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kilimtesa Clarisse.

"Mwalimu, sina karamu," alisema siku moja.

"Pole," akadakia Esperansia, mwenyeji aliyekaa naye dawati moja. "Pilau limeisha?"

Darasa zima likacheka. Hata Aron alicheka, na yeye kila mchana alikwenda nyumbani "kura chakura".

Wageni walisema Kirundi, wenyeji Kihangaza. Walibishana juu ya maneno mengi, lakini moja lilikuwa lilelile: inkuba, yaani radi. Hofu yake nayo ilikuwa ileile.

Mchana mmoja mvua iliwakuta njiani. Aron akakimbilia chini ya mkaratusi uliosimama peke yake kilimani. Clarisse alikuwa bado bondeni. Mwanga ukapasua anga. Aron akaanguka.

Niragira alifika mbio kutoka shambani. Akamkuta Clarisse anainama kumwinua kaka yake. Akamvuta nyuma.

"Usimguse! Inkuba bado imo ndani yake. Itakuua na wewe!"

Majirani wakasema ni kweli. Mmoja akaenda kumwita mganga wa kuitoa radi. Wengine wakasimama mbali, wakinyeshewa, wakimtazama mtoto aliyelala matopeni.

Kabla mganga hajafika, akapita Domisiana, muuguzi wa zahanati. Akatupa baiskeli. Akakibonyeza kifua cha Aron kwa muda mrefu. Kisha akaacha.

Baada ya mazishi, Niragira alimfuata.

"Dada, wewe ulimgusa. Mbona hukufa?"

"Radi hupiga ikapita, Mama Aron. Haikai mwilini. Aliyepigwa haunguzi mtu."

"Kwa hiyo ningemgusa mimi, angepona?"

"Labda. Moyo husimama, lakini ukiwahi kuubonyeza, unaweza kuanza tena. Siwezi kukudanganya."

Niragira akalia. Alipomaliza kulia, akasema, "Nifundishe."

Walijaza majani ya migomba kwenye gunia.

"Weka mikono katikati ya kifua," alisema Domisiana. "Haraka haraka, bila kupumzika. Mama Aron, hilo gunia unalibembeleza! Bonyeza!"

Clarisse akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Naye akabonyeza.

"Na ukisikia ngurumo," Domisiana akaendelea, "usingoje mvua. Ingia nyumba imara. Mti usiusogelee. Jembe litupe chini."

Mvua za vuli zikarudi. Niragira na Clarisse walikuwa wakipalilia kibarua kwa akina Esperansia, naye akiwa nao. Ngurumo ikasikika.

"Nyumbani!" alipaza sauti Niragira. "Acheni majembe!"

Wote wakakimbia. Esperansia akageuka. "Jembe la baba, jamani! Atanichinja!" Akalibeba begani. Radi ikampiga hapohapo.

Mama yake, Leonsia, alipiga yowe mlangoni. "Msimguse! Mtakufa!"

Niragira akasimama. Akilini alimwona tena Aron matopeni.

"Mama," Clarisse alisema, "haunguzi."

"Wangu nilimwacha, Leonsia," alisema Niragira. "Huyu simwachi."

Akapiga magoti kwenye tope. Akabonyeza haraka, kwa nguvu, bila kubembeleza. Clarisse alimpokea alipochoka, kisha mama akarudia. Leonsia alitazama, mikono kichwani. Halafu Esperansia akakohoa. Wakambeba ndani. Mvua ilipotulia, wakampeleka zahanati.

Alirudi shuleni akichechemea, sikio moja halisikii. Siku hizi, ngurumo ikianza, watoto wa Murukulazo huupita ule mkaratusi mbio, hakuna anayesimama.

Siku ile aliporudi, Esperansia alikaa dawatini, akafungua mfuko, akatoa kalamu mpya.

"Shika karamu yako," akamwambia Clarisse.

Darasani hakuna aliyecheka.