Shavu la Kushoto

"Usimguse tena mwanangu," fundi cherehani alisema, akaziba mlango kwa mwili wake. "Kila ukimbeba, shavu linazidi kupauka."

Jirani yake alisimama barazani, mikono mitupu. Mtaa ulimwita Mama Vidonge kwa kuwa aliuza katika duka la dawa. Mtoto wake mwenyewe hakuwa naye, na kila jioni alikuja kumbeba huyu wa fundi. Maneno yalikuwa yameshapikwa mtaani: yule jicho lake si zuri.

Uso wa mtoto uliwatisha wote. Shavu la kulia lilikuwa na rangi yake. La kushoto lilififia siku baada ya siku, kama kitambaa kilichosahauliwa juani. Halikumwasha wala kumuuma. Alicheka tu, na ile nusu iliyopauka ilicheka kama ya mtoto mwingine.

"Haya, jicho langu ni baya," alisema Mama Vidonge. "Mbona limechagua shavu moja? Lina adabu sana. Hebu mbebe wewe, kama unavyombeba ukishona."

Fundi akambeba mkono wa kushoto, maana wa kulia ndio wa kuzungusha gurudumu la cherehani. Mtoto akalaza shavu lake la kushoto shingoni mwa mama yake. Mama Vidonge akaingia, akawageuza taratibu kuelekea kioo cha wateja.

Fundi akatazama. Shingo yake na lile shavu vilikuwa rangi moja. Hakuona mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Vifundo vya vidole vyake tu ndivyo vilibaki vyeusi, kama mikono ya mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

"Unapaka nini?" Mama Vidonge akauliza.

Fundi akaleta kopo. Mbele liliandikwa krimu ya urembo. Nyuma liliandikwa kuwa linatibu madoa, chunusi na fangasi kwa siku saba. Jina la kiwanda hakuna, vilivyomo hakuna, namba ya usajili hakuna.

"Si kipodozi tu?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kipodozi kikidai kutibu, sheria inakihesabu dawa pia, shoga yangu. Lazima kikaguliwe na kisajiliwe kabla ya kuuzwa. Hiki hakuna anayekijua. Huenda kina dawa kali inayopausha ngozi, au zebaki. Wewe unapaka, mtoto anakunywa kwa shavu."

Akamwambia asitupe kopo. Aende nalo kituo cha afya pamoja na mtoto, kwani ngozi iliyozoea dawa kali huweza kuchafuka ikiachishwa bila mtu wa kuiangalia.

Fundi akaenda. Walitibiwa wote wawili, na kituo kikaripoti lile kopo. Wakaguzi wakafika kwenye duka la vipodozi alikolinunua, wakaondoa makopo mengine yote. Rangi ya mtoto ilirudi polepole, ikianzia sikioni.

Lakini Mama Vidonge hakukanyaga tena baraza lile. Alipita akitazama mbele. Jioni moja fundi akatoka na mtoto, akamsimamisha njiani.

"Jirani, nilikukosea. Chakula kimeshapakuliwa, ingia tule. Na huyu mpokee, mbebe upande wowote upendao."