Kabla Daktari Hajafika

Nyumbani kwa Mama Pacha, asubuhi haina adabu. Pacha wawili wanagombania kiatu kimoja. Chai inamwagika. Bibi yao anawakemea, kisha anamkemea na baba yao, ambaye bado hajakosa lolote.

Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi, wale ambao hali zao ni mbaya sana. Kazi aliiweza hasa. Lakini kwa muda mrefu alitamani kuwa muuguzi wa usingizi. Huyo ndiye anayemlaza mgonjwa kwa dawa kabla ya upasuaji. Anamlinda wakati anapasuliwa, kisha anamwamsha.

Kazi hiyo ina masomo yake ya juu, na kuingia chuoni ni shughuli. Unaomba nafasi, halafu unaitwa kwenye usaili, yaani unahojiwa ana kwa ana. Mwaka uliopita Mama Pacha alihojiwa akakosa. Chuo kilimruhusu mtu kujaribu mara mbili tu. Sasa alikuwa ameitwa tena. Akikosa safari hii, basi.

"Mwanangu, mbona huli?" mama mkwe wake aliuliza.

"Chakula hakipiti, mama."

"Ni huo usaili. Usinifiche."

Mama Pacha akakaa akalia. Alilia kweli, mbele ya watoto, na vita vya kiatu vikaisha hapo hapo. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Jokofu likigoma analijua. Mke akilia, anapotea kabisa. Akavaa shati, akaenda kumwita jirani.

Jirani huyo alikuwa muuguzi wa usingizi wa siku nyingi. Mtaa mzima ulimwita Bwana Usingizi. Alikuja na kandambili zake, akavuta kiti.

"Haya dada, mwaka jana walikuuliza nini?"

"Walisema, mgonjwa ametoka kupasuliwa, hajaamka vizuri. Mashine inapiga kelele. Oksijeni mwilini inashuka. Utafanya nini?"

"Ukajibuje?"

"Nikasema ningemwita daktari. Wakauliza, na kabla daktari hajafika? Nikakaa kimya."

Bwana Usingizi akacheka, lakini kwa upole.

"Pole sana. Wauguzi wengi tunaangukia hapo. Tumezoeshwa tangu siku ya kwanza: mpe daktari taarifa. Na kuita msaada si kosa. Ita, tena mapema! Lakini niambie ukweli. Jambo hilo likitokea kazini kwako, unakunja mikono ukimsubiri?"

"Nikunje mikono?" Mama Pacha alisahau machozi. "Mgonjwa si atakufa! Namtazama kwanza, kifua kinapanda au hakipandi. Nanyanyua kidevu chake ili hewa ipite. Kama kuna makohozi, nayavuta kwa mashine. Nampa oksijeni. Asipopumua vizuri, nampumulisha kwa mfuko wa hewa. Huku napaza sauti mwenzangu aite daktari. Mimi simwachi mgonjwa."

"Sasa mbona hukuwaambia hayo?"

"Hayo? Hayo si mambo ya kawaida tu, kaka?"

"Ya kawaida kwako! Wale hawajawahi kukuona kazini. Kwenye usaili mikono yako haionekani. Ieleze inafanya nini, hatua kwa hatua."

Mama mkwe akapiga goti lake kwa kiganja. "Sikia hilo, mwanangu!"

"Na wakikuuliza usilolijua?" Bwana Usingizi aliendelea.

"Nitakisia."

"Ukikisia nitakuja kukutoa mwenyewe! Dawa zetu hazikisiwi. Sema hujui. Kisha sema utamuuliza nani, au utaangalia wapi."

Bwana Usingizi hakuishia hapo. Alimwombea ruhusa akae siku nzima kwenye chumba cha upasuaji, aone kazi anayoiomba. Akamwambia asome tena maelekezo ya chuo, asitegemee ya kusikia. Baada ya siku hiyo, jioni moja walifanya mazoezi sebuleni. Mama mkwe alivaa miwani, akajifanya mkuu wa chuo.

"Kwa nini tukuchukue wewe?" aliuliza kwa ukali.

"Kwa sababu naipenda sana kazi hii."

"Hata mimi napenda kuimba. Mmeshawahi kunisikia?"

Pacha waliangua kicheko. Mama Pacha akajaribu tena. Safari hii alieleza siku aliyokaa kwenye chumba cha upasuaji, na alichokiona pale. Mama mkwe akaridhika kidogo.

Baba Pacha ndiye aliyekuwa mgonjwa. Alilala chali kwenye kochi, na kwa uchovu wa kazi usingizi ukamchukua kweli. Akaanza kukoroma.

"Msimwamshe," Bwana Usingizi alisema. "Mnasikia? Njia ya hewa imebanwa. Dada, tufanyie kazi, na useme unachofanya."

"Namtazama kifua. Kinapanda, lakini kwa shida. Naweka mkono kwenye paji la uso. Nanyanyua kidevu."

Kukoroma kukakoma.

"Alaa!" mama mkwe alishangaa. "Miaka yote hii tumekosa usingizi, kumbe ni kidevu tu?"

Siku ya usaili ilifika. Watu watatu walikaa upande wa pili wa meza. Mmoja aliuliza, "Mgonjwa amelala, anapasuliwa. Presha inashuka ghafla. Utafanya nini?"

Neno "daktari" lilikuwa tayari mdomoni mwa Mama Pacha. Akavuta pumzi.

"Kwanza namtazama mgonjwa, nashika mapigo yake," alisema. "Namwambia anayepasua, namuuliza kama damu inatoka nyingi. Naongeza maji ya mshipani. Naita msaada, na mikono yangu inaendelea na kazi." Alieleza yote, na mikono yake ikawa inaonyesha.

Kisha wakamtajia dawa asiyoijua.

"Hiyo siijui," alisema. "Nisingeigusa mpaka nimuulize mwalimu wangu na kusoma maelekezo yake."

Wote watatu waliandika. Hakujua wameandika nini. Alirudi nyumbani, na safari hii alikula.

Alichaguliwa. Mama mkwe aliimba kwa furaha, na kweli ilibidi wamwombe anyamaze.

Masomo yalikuwa magumu, akayamaliza. Siku ya kwanza ya kazi yake mpya aliletewa mama mmoja mshonaji, aliyekuwa kitandani akisubiri kupasuliwa.

"Nesi," yule mama alinong'ona, "nikishalala, wewe utakwenda wapi?"

"Siendi popote, mama. Nakaa hapa kichwani pako mpaka uamke."

Yule mama akamshika mkono, akafumba macho.