Nyuso Sita za Wubit

Kwa siku ya tatu mfululizo Wubit alitafuna kolo kwa upande mmoja. Shayiri hizo za kukaanga alizipenda kupita kiasi. Mama yake, Asnakech, akajua kuna jambo.

"Hebu fungua kinywa." Gego moja lilikuwa na tundu jeusi. "Kesho twende kwa daktari wa meno. Na usinitie aibu, umesikia? Kaka yako alivunjika mkono na hakulia."

"Silii, mama. Mimi gobezi!"

Pale mjini Dessie, gobezi ndiye mtoto jasiri, na hakuna sifa inayowapendeza watoto kama hiyo.

Kesho yake kule kliniki, Daktari Zinash alimchoma Wubit sindano ya ganzi. Akangoja, kisha akaligusa jino. Akamwonyesha karatasi yenye nyuso sita. Uso wa kwanza ulikuwa umetulia. Wa mwisho ulikuwa umekunjamana kwa maumivu.

"Nionyeshe, linauma kiasi gani?"

Wubit alimtupia mama yake jicho, akagusa uso wa kwanza.

"Umemwona simba wangu?" Asnakech alijigamba. "Endelea tu, daktari."

Daktari hakuendelea. Alikuwa akitazama miguu ya mtoto. Vidole vilikuwa vimejikunja juu ya kandambili.

"Mama Wubit, sifa hizo zitie mkobani kwanza. Karatasi hii haipimi ujasiri. Inapima maumivu, na anayeyajua ni yeye peke yake. Akinificha, nitachimba jino ambalo halijafa ganzi. Hatarudi hapa tena, hata meno yote yaoze."

Asnakech aliona haya. Yeye mwenyewe aling'olewa jino utotoni, akasifiwa kwa kunyamaza. Tangu siku hiyo hakukalia kiti cha daktari wa meno tena, na sasa gego lake la kushoto lilikuwa limemsumbua mwaka mzima.

Akamshika mwanawe mkono. "Sema kweli, mwanangu. Hata ukilia sikasiriki."

Kidole cha Wubit kilisogea polepole, kikasimama kwenye uso wa tano. Asnakech alilengwa na machozi.

Daktari aliongeza ganzi, akangoja, akauliza tena. Safari hii Wubit aligusa uso wa kwanza, na vidole vyake vya miguu vilikuwa vimenyooka. Jino likazibwa bila kelele.

"Daktari," Asnakech alisema kwa sauti ndogo, "na mimi nina gego. Si kitu, lakini..."

Wubit aliruka kutoka kitini, akamwekea mama yake karatasi mapajani.

"Onyesha, mama. Usidanganye."

Asnakech aliziangalia zile nyuso kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye uso wa sita.