Nyumba Aliyouza Gorski

Norbert Gorski alikuwa amelala kifudifudi chini ya ngazi za chumba cha chini, koti la baridi bado mwilini. Inspekta Leon Majewski alimtazama, akashusha pumzi. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na magoti yake yalikuwa yamezichoka ngazi za nyumba za Toledo.

"Ameanguka?" aliuliza.

"Kaanguka baada ya kupigwa," alisema Daktari Ames, mchunguzi wa maiti. "Kisogo kimepasuka. Spana ile pale ina damu. Nakadiria jana jioni."

Majewski aliinama kwa shida, akagusa viatu vya marehemu. Vilikuwa vimejaa maji ya theluji, na suruali ilikuwa mbichi mpaka magotini.

Aliyeikuta maiti ni mpangaji, Tyrell Hobbs, aliporudi kutoka zamu ya usiku kiwandani. Alikuwa amekaa jikoni, kikombe cha kahawa mkononi.

"Ulimjua huyu mzee?"

"Simjui hata kidogo. Kodi nampa Bi Verna Pruitt. Ndiye mwenye nyumba."

"Wewe ndiye uliyeondoa theluji kwenye njia ya mbele?"

"Mimi? Inspekta, usinichekeshe na maiti iko ndani. Hiyo kazi ya mwenye nyumba. Nimerudi nikaikuta njia safi, na chumvi ya kuzuia barafu imeshamwagwa."

Majewski alitoka kibarazani. Theluji ilikuwa imekatika jana magharibi, haikuanguka tena. Gorski aliingia akiikanyaga, ndiyo maana viatu vilijaa. Hakutoka tena. Basi aliyeisafisha njia alikuja na koleo la theluji baada yake.

Na muuaji gani husafisha njia? Mji huu mtu akiteleza mbele ya nyumba yako, unashtakiwa wewe. Koleo hushikwa na mwenye mali, wengine hupita wakilaani. Hata jirani alikuwa amesafisha upande wake tu, akakomea kwenye mpaka kabisa, theluji imekatwa wima. Majewski alijua aende kwa nani, na hakufurahi kujua.

Verna Pruitt, mjane, dereva wa basi la shule, aliletwa kituoni akiwa bado na koti la kazi.

"Nyumba uliinunuaje?"

"Kwa Gorski mwenyewe. Benki zilinikataa. Yeye akaniambia, 'Verna, benki za nini? Nilipe mimi mwezi kwa mwezi, ukimaliza nakukabidhi hati.' Nilitaka nyumba moja ya kupangisha, Inspekta. Moja tu. Mgongo huu hautaendesha basi milele."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Nimelala."

"Njia nani kaisafisha?"

Verna alizidi kulifunga koti lake.

"Tyrell hashiki koleo. Jirani hagusi pasipo pake. Gorski alikuwa kashaingia, na hakutoka. Bi Verna, mimi nimechoka, na wewe umechoka. Usinichoshe, nami nisikuchoshe."

Mwanamke alilivua koti, akaliweka mapajani.

"Njia nimesafisha mimi," alisema. "Na yeye nimemwua mimi."

"Kwa nini?"

"Juzi nimekuta karatasi ya benki mlangoni. Nikaing'oa kabla Tyrell hajaiona. Nyumba inapigwa mnada. Kumbe Gorski aliiweka rehani kabla ya kuniuzia! Miaka sita yote nampa pesa, benki haijaona hata senti."

"Ukamwita."

"Nikamwita aje tuongee. Alinikuta chini natengeneza tanuri la kupasha nyumba joto. Nyumba inauzwa, mimi natengeneza tanuri! Nikamuuliza, pesa zangu ziko wapi? Akasema, 'Ungemuuliza wakili kabla hujatia sahihi. Hati ina jina langu, bibie. Wewe ulikuwa mpangaji tu.' Akanipa mgongo, akaanza kupanda ngazi. Spana nilikuwa nayo mkononi."

Ng'ombe wa maskini hazai, na huyu wa Verna alikuwa ameshiba majani ya miaka sita. Zamani Majewski alikuwa akipata ungamo anatembea kifua mbele mpaka nyumbani. Leo aliona huzuni tupu, na hasira juu ya marehemu, jambo ambalo mpelelezi hapaswi kuliona.

"Halafu ukachukua koleo," alisema.

"Mtu wa barua hupita asubuhi. Angeteleza."

Alilisema hilo kwa mshangao kidogo, kana kwamba inspekta ameuliza swali la kitoto. Kisha akaiweka sahihi yake chini ya maelezo, bila kuyasoma.

Polisi wa zamu alikuja na pingu. Verna alisimama, akageuka mlangoni.

"Inspekta, leo baridi itakuwa kali. Mwambie Tyrell afungue bomba la jikoni kidogo, maji yadondoke usiku kucha. Yakiganda, mabomba yatapasuka."

"Bi Verna, mabomba hayo sasa ni ya benki."

"Mwambie tu, tafadhali."

Majewski alichukua simu.

"Tyrell, acha bomba la jikoni lidondoke mpaka asubuhi."

"Nani kasema?"

Inspekta alimwangalia yule mwanamke akiongozwa kwenda mahabusu, mikono nyuma.

"Mwenye nyumba," alisema, akakata simu.